Kibaba cha Mzee Kombo

Mwezi uliopita mama mmoja alinijia kibarazani na suruali ya mwanawe, akaniomba niipunguze kiuno. Nikaipunguza. Mwezi haujaisha akarudi na suruali ileile, nipunguze tena. Nilipomtazama usoni akatazama chini, nami sikuuliza kitu, maana suruali ilikuwa imekwisha kunieleza. Nikamwambia, "Mama, hata mimi niliwahi kuipunguza yangu hivi hivi, mara tatu, kabla sijakubali kwamba ninaumwa. Na leo waniona, kiuno kimerudi na kimepitiliza." Akacheka, kisha akalia, kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja mpaka adhuhuri. Ndiye aliyenitaka niandike. Mwanawe anajua kusoma, alisema, na amelala wadi ileile niliyolala mimi, wala hataki kuzungumza na mtu.

Basi kijana, haya ni yako, na ya yeyote mwingine aliyelala chali akihesabu mbao za dari. Mambo ya dawa muulize daktari. Mimi ni fundi cherehani tu, na nitakueleza yale yaliyonipata kama yalivyonipata, hata yale ambayo mke wangu angependa niyaruke.

Miaka ile ya hamsini tulikuwa tumepanga chumba Riruta, nyuma ya msikiti mdogo wa udongo: mimi, mke wangu Mishi, na binti yetu Zuhura aliyekuwa na miaka sita. Mimi na Mishi tulizaliwa Mombasa, tukaletwa Nairobi na cherehani. Cherehani yenyewe ilikaa mjini, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Mhindi mmoja, na kila asubuhi niliifuata kwa baiskeli. Njiani kulikuwa na kilima nilichozoea kukipanda nikiimba. Mwaka ule mvua za masika zilipoanza, nikaacha kuimba. Zilipokolea nikawa nashuka na kuisukuma baiskeli, na nikifika juu naegemea mti kama mtu anayemngoja rafiki. Nilimwambia Mishi ni baridi ya Nairobi. Akanichemshia tangawizi na mdalasini, akanisugua kifua kwa mafuta ya karafuu, na kunitazama kwa jicho lisiloamini hata neno moja.

Kilichonipeleka hospitali si kikohozi, ni kanzu. Nilikuwa namalizia kanzu ya bwana harusi, nyeupe, nimeshaidarizi na vimebaki vifungo tu, nikakohoa, na tone moja jekundu likaangukia ukosi. Nililifua kwa maji baridi na chumvi mpaka likatoka. Kisha nikamfikiria mtu atakayeivaa, nikaona haya. Nikashona nyingine upya huku nimejifunga kitambaa mdomoni, na keshoye nikaenda hospitali kubwa ya kilimani.

Kuhusu kungoja hospitali sina haja ya kukufundisha, umekwisha kujua. Benchi letu lilikuwa nje ya chumba cha picha za kifua, na tulisogea juu yake kwa makalio, mmoja akiitwa wote tunateleza nafasi moja. Kufikia saa sita nilikuwa najua ni wapi pana msumari. Jambo moja lilinishangaza: hakuna aliyemuuliza mwenzake anaumwa nini. Tuliulizana tunatoka wapi, tuna watoto wangapi, na kama mvua imefika kwetu, na kila mtu alikohoa akigeukia upande usiokuwa na mtu, kwa heshima kubwa.

Daktari alisema ni kifua kikuu, na kwamba ningoje kitanda nyumbani. Nikangoja wiki mbili, na wiki mbili hizo zilikuwa nzito kuliko miezi mingi iliyofuata. Sisi watu wa pwani hula sinia moja. Wali unawekwa katikati, kila mtu anakula upande wake, na mama anasukuma nyama kuelekea kwa yule anayempenda zaidi siku hiyo. Sasa Mishi alinipa sahani yangu na kikombe changu cha bati, akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio, uzi kutoka kwenye kikapu changu mwenyewe, ili mtu asikosee akakinywea. Nilikaa mlangoni na sahani yangu, wao ndani na sinia yao. Siku ya kwanza Zuhura alimnong'oneza mama yake, lakini mtoto hajui kunong'ona, nikasikia.

"Mama, Baba amefanya nini?"

Alidhani nimeadhibiwa. Mishi akamwambia ale, asiongee na chakula mdomoni. Mimi nikageukia nje nikatafuna.

Nililazwa mwanzo wa baridi ya Julai. Jirani yangu wa kitanda alikuwa mtu wa magharibi, Wekesa, mtunza bustani kwenye nyumba kubwa moja ya Kitisuru, mrefu mpaka miguu yake ilitokeza nje ya blanketi. Jumapili aliwaongoza wagonjwa Wakristo kuimba kwa sauti ndogo, maana sauti kubwa ilikatazwa. Siku ya kwanza alinitazama nikiisukuma sahani ya ugali, akasema, "Fundi, hiyo chakula yako unaacha ya nini? Hapa chakula ni dawa. Kama wewe hapana kula, mimi nakula, na nikipona mbele yako usiniulize."

Nikala kwa hasira. Baadaye nilijua kwamba kila mgeni alimwambia hivyo, na kwamba hajawahi kugusa sahani ya mtu.

Kila siku sindano, leo tako la kushoto, kesho la kulia, mpaka nikawa nakaa upande upande kama kuku anayeatamia. Kisha ule unga mchungu, mwingi, unaomezwa na maji na kutaka kurudi ulikotoka. Baada ya miezi michache masikioni wakaanza kulia nzi, na hata leo ninapokuandikia wanalia. Nikisimama, sakafu ilisogea kidogo kabla ya mguu wangu kuifikia. Nilikuwa na subana, ile kofia ya chuma ya kidole cha kushonea, niliyoivaa tangu nilipokuwa mwanafunzi wa cherehani. Niliificha chini ya mto, na siku moja nikaivaa nijiliwaze. Ikaanguka yenyewe. Kidole kilikuwa kimebaki mfupa. Hilo liliniuma kuliko sindano zote.

Mishi alikuwa mja mzito nilipolazwa. Mvua fupi zilipokuwa zikiisha akajifungua msichana, tukampa jina Salama. Watoto hawakuruhusiwa wadini, kwa hiyo kuanzia hapo Mishi akaja na Salama mgongoni mpaka dirisha lililokuwa karibu na kitanda changu, akasimama nje kwenye majani, akamfungua na kumwinua juu nimwone. Nilimjua mwanangu kwa kipimo cha dirisha. Mwanzoni nilikiona kichwa tu. Baadaye kichwa na mabega. Wekesa naye aliinuka kila mara, akampungia mkono na kumsalimia kwa lugha ya kwao, akidai mtoto anamwelewa.

Nyumbani Mishi alikuwa akikaanga mahamri asubuhi na kuwauzia watu wanaokwenda kazini. Dada yangu wa Mombasa alimwandikia arudi kwao na watoto mpaka lijulikane litakalokuwa. Sisi sote tulijua neno hilo maana yake nini. Mishi alinisomea barua dirishani, akaikunja, akasema, "Mwambie wifi yangu asante, mahamri ya Mombasa yana wapikaji wengi." Hakuitaja tena. Lakini mimi niliikumbuka kila siku.

Mwezi wa Shaabani ulipokuwa ukiisha, Maalim wa msikiti wetu alikuja kuniona. Nilimuuliza kuhusu mfungo, maana Ramadhani ilikuwa inaingia nami nameza unga wa dawa mara kadhaa kwa siku.

"Wewe utakula," akasema. "Mgonjwa anayetarajia kupona hula, na akipona huzilipa siku zake kwa kuzifunga. Yule asiyetarajiwa kupona, huyo halipi. Humlisha maskini badala yake, kibaba cha chakula kwa kila siku. Hiyo ndiyo fidia."

"Na mimi?"

"Wewe utalipa, inshallah. Nawa uso ulale."

Wewe utalipa. Maneno mawili hayo niliyashika kama mtoto anavyoshika pindo la buibui la mama yake sokoni. Daktari alikuwa mtu mwema lakini aliongea na karatasi zake zaidi kuliko na mimi. Maalim alikuwa ameniambia waziwazi: wewe ni wa wale wanaotarajia.

Ramadhani iliingia na masika. Maji yalipiga mabati mchana kutwa na wadi ilinuka sabuni na makoti yaliyolowa. Siku ya kumi na tatu ya mfungo nikapata mgeni ambaye sikumtazamia, Mzee Kombo. Alikuwa mpishi katika nyumba za Wazungu enzi zake, na sasa macho yalikuwa yameingia ukungu, akaishi kwenye kibanda ubavuni mwa msikiti. Alikuja kwa lori la mboga, akaongozwa mpaka kitandani kwangu na dresa wa zamu, yule mfunga vidonda, akaketi na fimbo yake katikati ya magoti.

"Mke wako, Fundi, Mungu amhifadhi," alianza. "Kila siku ananipimia kibaba changu cha fidia. Na kwa kuwa sioni moto, ananipikia mwenyewe, ananiletea wakati wa kufuturu. Jana wali ulizidi maji kidogo, lakini sikusema kitu. Yule bado kijana, atajifunza."

Nikahisi kama kitanda kimeshuka. "Fidia ya nani, Mzee?"

"Sasa mimi nimuulize? Anayepewa haulizi. Ni yako, si ndiwe mgonjwa?"

Akaendelea kunieleza namna ya kuupika wali usizidi maji. Sikusikia. Nilikuwa nimeelewa jambo moja tu: Mishi, aliyekuwa ameapa kwa macho yake kwamba nitarudi, alikuwa ameshanitoa kwenye hesabu ya watu wanaotarajiwa. Alikuwa amemwendea Maalim akaambiwa kweli nisiyoambiwa mimi, au amepata barua nyingine ya dada yangu. Anampimia Mzee Kombo kwa ajili yangu, kama vile watu wanavyowalisha maskini kwa ajili ya marehemu. Wala sikumlaumu, ndivyo nilivyojidai. Kumbe nilimlaumu mpaka mifupa.

Nitakwambia nilichofanya, kijana, kwa sababu ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kuanzia siku ile niliuficha unga mchungu. Niliuweka mdomoni mbele ya sista wa wadi, akipita nautema kwenye kitambaa, na kitambaa nakisukuma chini ya godoro. Sindano sikuweza kuikwepa, lakini ugali niliusukuma, na Wekesa aliponitishia kuula nikamwambia aule. Hakuugusa. Siku nzima alilala akinitazama, na yule mtu hakuwa na kawaida ya kunyamaza.

Siku ya nane Mishi akafika dirishani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nikasikia akinisalimu, nikasikia Salama akilia, nikageukia ukutani. Namwomba Mungu msamaha kwa ukuta ule mpaka leo. Akaniita tena, "Baba Zuhura." Nikavuta blanketi.

Wekesa akaketi kitandani. "Mama," akasema, "mimi nasema, hata kama fundi atanichukia. Huyu bwana yako hapana kunywa dawa. Wiki moja sasa. Anaficha hapo chini. Chakula pia hapana kula."

Mvua tu. Kisha mke wangu, ambaye tangu nimuoe hakuwahi kulitamka jina langu, akalipiga kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa wadi.

"Athumani!"

Nikageuka. Alikuwa amelowa kuanzia kichwani, mtoto amefunikwa kwa leso ndani ya buibui, na uso wake ulikuwa umekonda. Nilikuwa sijauona. Kwa majuma mengi nilikuwa nikimtazama mtoto tu na kujitazama mimi.

"Mimi nimetoka Riruta kwa miguu," akasema, "askari wamenisimamisha mara mbili wakitaka karatasi, mvua yote yangu, kuja kumwona mtu anayetema dawa?"

"Dawa ya nini?" nikamjibu. "Umeshanitolea fidia."

"Fidia gani?"

"Ya Mzee Kombo. Kibaba kila siku. Amenieleza mwenyewe."

Alinikodolea macho. Kisha akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka, na kikageuka kilio katikati. Alijipangusa kwa bega, kwa sababu mikono ilikuwa imemshika mtoto.

"Ile ni yangu mimi, we mwanamume! Ni yangu! Nilifunga siku sita. Siku ya saba mtoto akanyonya akaachia, akanyonya akaachia, akalia mpaka akakauka sauti. Maziwa yameondoka. Nikaenda kwa Maalim. Akaniambia nile, na kwamba mama anayekula kwa kumhofia mtoto wake ana mawili, azilipe siku na atoe kibaba kwa kila siku. Basi nakula, na kibaba natoa. Wewe umeingiaje hapo?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie maziwa yamekauka, ufanye nini? Unyonyeshe?"

Wadi nzima ikacheka, wale wenye pumzi na wale wasiokuwa nazo, na Wekesa akakohoa mpaka ikabidi apewe maji. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Ugonjwa, kijana, hukufanya udhani kila neno linalosemwa duniani ni habari yako. Mwanangu alikuwa analala na njaa umbali wa mwendo wa asubuhi moja, na mimi nilikuwa nimenuna kwa sababu nadhani nimezikwa mapema.

Kicheko kilipopoa nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Hicho kibaba chatoka wapi, Mishi? Nyinyi wenyewe mnakula nini?"

Akasogea karibu mpaka paji la uso likagusa wavu wa dirisha.

"Chatoka kwenye debe lilelile. Asubuhi napima cha Mzee Kombo kwanza, kisha twala kinachobaki. Zamani nilikuwa nachungulia lile debe nikaona limekwisha, kila siku limekwisha, nikafunga kifuniko nikalia. Sasa siku yoyote ninayompimia mtu, naona lina kitu. Usiniulize hesabu yake, siijui. Najua tu kwamba siogopi kulifungua. Na maziwa yamerudi kidogo, mtazame."

Akamwinua. Kichwa, mabega, na sasa kitumbo. Salama alinitazama kwa uso wa hakimu. Nikaingiza mkono chini ya godoro, nikatoa kile kitambaa na uchafu wake, nikampa Wekesa akakitupe. Mishi hakuondoka pale dirishani mpaka sista aliponiletea unga mwingine nikaumeza mbele yake na kufungua mdomo aone, kama mtoto. Nilimpenda mke wangu siku ile kuliko siku ya harusi, na siku ya harusi nilimpenda sana.

Sista niliungama kwake. Alinikaripia kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, akaniandika kwenye karatasi, na kesho yake akaniletea yai la ziada.

Usidhani kuanzia hapo mambo yalinyooka. Mizani ya kunipimia uzito ilikaa palepale miezi miwili. Kitanda kilichokuwa mbele yangu kiliachwa wazi asubuhi moja na godoro likatolewa juani, na siku hiyo nilirudi kuutazama ukuta. Lakini lile debe la Mishi halikunitoka kichwani. Nilijiuliza, mimi hapa nilipo, sina unga wala kazi wala pumzi ya kupanda ngazi, nina nini cha kupima asubuhi? Nikaitoa subana chini ya mto. Nikaiviringishia kitambaa ndani ikakaa kidoleni. Nikamwomba sista sindano na uzi.

Kwanza nilishona kifungo cha pajama la Wekesa, maana alikuwa akilifunga kwa kamba. Kimoja tu, nikalala kwa uchovu. Kesho yake kingine. Ikawa kila asubuhi, kabla sijachomwa, nashona kitu kimoja cha mtu mwingine: pindo, mfuko, mto uliotoboka. Siku nyingine ilikuwa vifundo viwili vya uzi basi. Wagonjwa wakaanza kunipangia foleni, na Wekesa akajipa cheo cha karani, akiwafukuza wale wenye nguo mpya. "Hii imepasuka wapi? Hii haina kupasuka. Wewe nataka kuchezea fundi." Sikuwa nimepata kitu chochote kipya, kijana. Nilikuwa na mikono ileile niliyoingia nayo. Lakini nilianza kuamka nikiwa na kitu cha kutoa, na hofu ikapungua.

Baridi ya Julai ikarudi. Wekesa akatangulia kutoka. Alimwacha mwajiri wake wa Kitisuru akimngoja getini na gari, akarudi ndani mbio kunishika mkono mara ya pili, akaambiwa na sista asikimbie. Mwezi uliofuata nikaruhusiwa nami, na vidonge vya kuendelea navyo nyumbani. Zuhura alijificha nyuma ya mlango, akanichungulia saa nzima kabla ya kunikaribia. Salama alilia aliponiona bila wavu. Kikombe chenye uzi mwekundu kilikuwa kwenye rafu, kimesuguliwa kinang'aa, na nikakitumia bado, mlangoni, na sahani yangu, mpaka picha ya kifua itoke safi. Nilijizoeza kukaa pale bila kinyongo. Mishi aliketi upande wa sinia ulio karibu nami, na tuliongea.

Picha ikatoka safi mwisho wa Desemba, ila mlango sikuthubutu kuuacha. Mwezi wa Rajabu ulipoandama, jua kali la mwanzo wa mwaka, nikamuuliza daktari kama ninaweza kufunga. Alinipima, akanitazama, akasema nijaribu, na nikiona kizunguzungu niache. Nilirudi Riruta nikipanda kile kilima kwa miguu. Sikuimba, lakini sikuegemea mti.

"Kesho naanza kulipa Ramadhani yangu," nikamwambia Mishi.

Alikuwa anakanda unga wa mahamri. "Vema," akasema. "Nami naanza kesho."

"Unaanza nini?"

"Zangu. Siku nilizokula kwa ajili ya Salama."

Nikafikiri. Ilikuwa imepita miezi tisa. Mishi si mwanamke wa kulaza kitu. Kila mwaka siku zake chache za kike alizilipa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, haujaisha, na kunisimanga mimi ninayechelewesha hata kuchana nywele. "Hukuzilipa muda wote huu?"

"Sikuzilipa."

"Kwa nini?"

Akaendelea kukanda. "Nilikuwa nakungoja wewe."

"Ulijuaje kwamba nitapona?"

"Sikujua," akasema Mishi. "Nilikungoja tu."

Nikatoka nje nikasimama nyuma ya msikiti. Mwaka uliopita, wakati mimi nimeutazama ukuta nikiamini ameshanizika, yeye alikuwa ameziweka siku zake kando, moja moja, azifunge pamoja na mimi.

Kesho yake jua lilipozama tulifuturu. Mzee Kombo tulimwalika, akasema wali safari hii umekaa vizuri ila chumvi imeogopa. Nilikuwa nimeketi mlangoni kwa mazoea. Mishi akakata ule uzi mwekundu kwa meno, kama ninavyokata mimi nyuzi, akanionyesha nafasi kwenye mkeka kati yake na Zuhura. Nikaketi. Nikatia mkono kwenye sinia.

Zuhura alitazama mkono wangu, akamtazama mama yake. "Mama," akasema, na bado hajajifunza kunong'ona, "Baba amesamehewa?"

"Amesamehewa," akasema Mishi. "Msogezee nyama."

Ndiyo hayo, kijana. Mama yako atakuletea karatasi hizi pamoja na suruali yako. Nimeipunguza kama alivyotaka, ila kitambaa sijakikata. Nimekikunja ndani chote, nikakipitishia mshono mwepesi. Ukitoka huko uje nao mwili wako hapa kibarazani, nikufungulie.